Rimu za Gatwiri na Kulabu Nisiyoikumbuka

Swali lililoninyima usingizi Ijumaa ile lilikuwa dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika. Je, nilipitisha ukucha ndani ya mdomo wa rimu, au sikupitisha?

Ninyi mnaoanza kushika spana mwaka huu mtaulizwa mambo makubwa kuliko hilo kwenye mtihani. Lakini nimetengeneza baiskeli miaka saba mjini Meru, na sasa nimeondoka kwenye meza ya kazi nije niwafundishe, na kama ningeambiwa nichague jambo moja la kuwaachia, ningechagua ukucha huo. Mzee M'Ikiara, mwenye karakana na mwalimu wangu, hucheka akinisikia nikisema nimestaafu.

"Mtu wa miaka thelathini na moja hastaafu," husema. "Huyo amechoka tu."

Basi nimechoka. Niruhusuni nizungumze kama mstaafu.

Kwanza niwaeleze jambo lenyewe, kwa sababu wengi wenu mmekulia kwenye baiskeli za kubeba mizigo. Tairi ya kawaida ina tyubu ndani, na tyubu ndiyo inayobeba hewa. Tairi ya tyubulesi haina. Hewa inazuiwa na tairi yenyewe pamoja na rimu iliyozibwa matundu ya spoki kwa utepe, na ndani mnatiwa kimiminiko cheupe ambacho sisi karakanani tulikiita maziwa. Mwiba ukitoboa, maziwa yanakimbilia tundu, yanaganda, na mwendeshaji anaendelea na safari bila hata kujua. Kwa mtu anayefanyia mazoezi upande wa Ruiri, ambako miiba ya migunga imetapakaa kando ya lami, hilo ni jambo la kushukuru Mungu.

Sasa, tyubu ikiondoka, kazi ya kuizuia tairi isiruke inabaki kwa mdomo wa rimu. Rimu nyingi zina kulabu, yaani ukingo wake wa ndani umekunjwa kidogo ili uikamate tairi. Nyingine, hasa hizi mpya, hazina. Ukingo umesimama wima kama ukuta. Si kwamba ni mbovu. Zinataka tu tairi iliyoandikwa ubavuni kwamba inazifaa, na presha isiyozidi paundi sabini na kitu. Ukizivalisha tairi isiyozifaa, halafu ukajaza mpaka mia, siku moja tairi itaruka nje. Ikiruka karakanani, utashtuka na kulowa maziwa mpaka kwenye nywele. Ikiruka mtu akiwa anateremka, sitaki kuandika kinachofuata.

Kwa macho, tofauti hiyo ni rahisi kukupita. Kwa hiyo unaweka ukucha ndani ya mdomo na kuupandisha kutoka chini kwenda juu. Ukikwama, kulabu ipo. Ukiteleza mpaka nje, haipo. Ni kazi ya sekunde tatu. Na mimi sikuweza kukumbuka kama sekunde hizo tatu zilikuwepo.

Mjue pia kwamba mimi ni mtu wa kushuku kila kitu. Nilimaliza digrii ya uhandisi wa mitambo, nikakaa nyumbani Runyenjes karibu mwaka mzima nikiandika barua za kuomba kazi na kuzisahihisha mpaka tarehe za mwisho zinapita. Barua moja niliiandika mara kumi na nne. Mama ndiye aliyesikia kwamba kuna mzee Meru anayetafuta msaidizi wa kutengeneza baiskeli, akaniambia niende kabla sijamaliza kufikiria. Nilienda na daftari jipya.

Siku ya kwanza Mzee alinipa gurudumu lenye pancha. Nikafungua daftari.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza.

"Ya kuandika hatua, Mzee."

"Andika basi. Hatua ya kwanza, weka daftari chini."

Kuanzia hapo akaniita Injinia. Mwanzoni lilikuwa jina la kunicheka. Baadaye lilibaki jina tu, na wateja wakalichukua.

Mzee hakuwa na shule ya haya mambo mapya. Alijifunza kazi kwenye baiskeli nyeusi nzito zinazobeba viazi, maziwa na mitungi ya maji, na mikono yake ilijua vitu ambavyo mimi nilikuwa nimevisoma tu. Aliweza kuisikia beringi mbovu kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini tyubulesi ilipoanza kuingia kwa vijana wa mbio, tulijifunza pamoja, na tulikosea pamoja. Utepe wetu wa kwanza wa kuziba rimu ulikuwa ule wa kufungia maboksi. Ulishika vizuri asubuhi yote. Mchana maziwa yakaanza kutoka kwenye kila tundu la spoki, na gurudumu likawa linadondosha matone sakafuni kama ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa. Mzee alilitazama kwa muda, akaleta ndoo, akaiweka chini yake na kurudi kwenye kazi yake.

Tumieni utepe wa rimu. Uvuteni kwa nguvu mpaka ulale bila mkunjo, na muuzungushe mara mbili. Futeni rimu kwa spiriti kwanza, maana hata alama ya kidole chenye grisi inatosha kuuachisha.

Na msichanganye maziwa ya aina mbili. Karani mmoja wa Embu alileta baiskeli yake tumwongezee, na sisi ya aina yake yalikuwa yamekwisha. Nikaongeza kidogo ya aina ile ya kijani inayotiwa kwenye pikipiki, nikijiambia kwamba kazi ni moja. Nilishuku, lakini siku hiyo nilikuwa nimeamua nijifunze kutoshuku. Akarudi baada ya wiki akisema kuna kitu kinagonga ndani ya tairi. Tulipofungua, tulikuta donge la ukubwa wa yai, limeganda, na pembeni maji matupu.

"Hawa ni ng'ombe wawili wasiosalimiana," Mzee akasema.

Kushuku kwangu kulikuwa na gharama yake pia. Nilikuwa na tabia ya kuwapigia wateja simu baada ya kazi. Umeangalia ile nati? Breki inashika? Mwalimu mmoja wa Kianjai nilimfuata kwa boda mpaka kwao siku ya soko, kwa sababu nilihisi sikuikaza nati ya valvu, ile inayoibana valvu kwenye rimu. Nilimkuta akinunua maharagwe. Nikapiga magoti sokoni, nikashika nati. Ilikuwa imekaza. Kwa kweli ilikuwa imekaza mno, maana nilikuwa nimetumia koleo, na miezi miwili baadaye alipopata pancha kubwa njiani hakuweza kuifungua ili atie tyubu. Aliisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Nati ya valvu inakazwa kwa vidole, basi. Mnaona lakini: nilishuku kitu sahihi na nikaangalia upande usio sahihi.

Ilikuwa baada ya safari hiyo ya Kianjai ambapo Mzee alinitungia sheria.

"Injinia, kuanzia leo una shaka moja kwa siku. Ukiitumia asubuhi, jioni unafanya kazi kama sisi wengine."

Nilicheka, lakini niliifuata, na ilinisaidia. Nililala vizuri zaidi. Wateja wakaanza kupokea simu zangu tena.

Gatwiri alikuwa mteja wetu tangu akiwa kidato cha nne. Kwao ni Kiirua, mama yake analima viazi, na baiskeli yake ya kwanza ilikuwa ile ya kupelekea magunia sokoni. Msichana mwembamba, mkimya akiwa juu ya baiskeli, na mwenye maneno mengi akishuka. Ndiye aliyetufundisha somo la miiba. Alikuwa amekimbia na tyubulesi miezi mingi bila pancha hata moja, akijigamba kwa wenzake, mpaka siku alipokanyaga chupa upande wa Ruiri na tundu likawa kubwa kuliko maziwa. Akatoa tyubu yake ya akiba, akaitia ndani, akapiga pampu. Pss. Akaomba nyingine kwa mwenzake. Pss. Alifika kwetu juu ya lori la kabichi.

Tuliigeuza tairi ndani nje. Ilikuwa na miiba kumi na saba. Miezi yote hiyo maziwa yalikuwa yanaziba kila tundu huku miiba yenyewe ikibaki pale pale, ncha zikiwa zimeelekea ndani, zikiingoja tyubu ya kwanza.

"Hii ni tairi ama ni boma ya mbuzi?" Gatwiri akauliza.

"Ni boma," Mzee akasema. "Na wewe ndiye umejenga."

Beba tyubu hata kama una tyubulesi. Na kabla ya kuitia, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Kitambaa, si vidole. Na kila baada ya miezi miwili fungua uone kama maziwa bado ni maji. Kwenye ukanda wa joto yanakauka yanabaki ngozi tu, na mtu anaendelea kutembea akidhani amelindwa.

Kuna jambo moja sikuweza kumtoa Gatwiri, wala wateja wengi wa kwetu. Sisi huku tunapenda tairi ngumu. Ukikua ukibeba gunia la viazi kwenye keria, unajua kwamba tairi laini itakuvunjia rimu, na unajifunza kubonyeza kwa dole gumba: tairi isipojibu, iko tayari. Dole gumba hilo limefundishwa na mzigo. Ukilipeleka kwenye tyubulesi ya mbio linakudanganya, kwa sababu tyubulesi inataka upepo mdogo ili ishike barabara na isimtetemeshe mtu. Nilimwekea Gatwiri sabini. Akifika nyumbani alibonyeza, akasikia imejibu, akaongeza mpaka mia. Nilimchorea hata grafu. Akaniambia grafu yangu haijawahi kupanda Kiirua.

Sasa mnajua vyote mnavyohitaji kujua kuhusu ile wiki.

Kulikuwa na mbio za kutoka Nkubu kwenda Embu, Jumamosi. Barabara ile inashuka kwenye mto na kupanda, inashuka kwenye mto mwingine na kupanda, na kwenye miteremko kuna kona ambazo hata madereva wa malori huziheshimu. Timu moja ilikuwa imetuma kocha wake aje achague waendeshaji watano. Kwa Gatwiri, kuwa mmoja wa hao watano kulimaanisha kuishi kwa baiskeli badala ya kurudi shambani na kukimbia Jumapili tu.

Alhamisi jioni alileta magurudumu aliyoyapata kwa mwendeshaji aliyeacha mbio. Ya kaboni, mepesi kama sufuria tupu, yamebanduliwa vibandiko vyote. Tairi alikuja nazo. Zilikuwa mpya, na ubavuni ziliandikwa wazi kwamba ni za rimu zenye kulabu. Hilo nililisoma, na nalikumbuka vizuri.

Nilikuwa nimeanza kufunga utepe stima ilipopotea. Mzee alikuwa ameshaenda nyumbani. Tangi la kompresa lilikuwa bado na hewa ya kutosha magurudumu mawili, na Gatwiri alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa kwa sababu gari la mwisho la Kiirua lilikuwa linajaza. Nikaendelea kwa tochi ya simu. Nilipaka maji ya sabuni. Nilifyatua hewa, nikasikia ile milio miwili ya tairi ikikaa mahali pake, pa, pa, upande huu na upande ule. Mtaupenda mlio huo. Una raha yake, na raha hiyo inakufanya udhani kila kitu kiko sawa.

Akaondoka. Nikafunga duka. Nilikuwa ninapika ugali ndipo nikajiuliza kuhusu ukucha.

Ijumaa nikamwambia Mzee.

"Zile rimu za Gatwiri, Mzee. Zilikuwa na kulabu?"

"Si ni wewe ulizivalisha?"

"Stima ilikuwa imepotea."

"Basi uliangalia na tochi."

"Sikumbuki."

Aliacha mnyororo aliokuwa akiusafisha. "Leo asubuhi ulikuwa na shaka gani?"

"Ya pedi za breki za yule dada wa benki."

"Na zilikuwaje?"

"Zilikuwa sawa."

"Haya," akasema, akaendelea na mnyororo wake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amenisikia mara nyingi mno.

Jioni nikampigia Gatwiri.

"Injinia, usinianze," akasema kabla sijasalimia.

"Naulizia tu tairi."

"Ziko fiti. Nimezijaribu mpaka Timau na kurudi. Zinapaa."

"Umeongeza upepo?"

"Mia. Kama kawaida."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilimwambia alale vizuri. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshampigia mara tisa katika miaka hiyo kumwonya kuhusu hiki na kile, na mara zote tisa hakukuwa na kitu. Niliogopa ya kumi. Nililala macho wazi nikiigiza upya Alhamisi nzima, sabuni, utepe, tochi, nikiutafuta ukucha wangu mahali fulani katikati. Mara nyingine niliuona ukipita kabisa, hata niliuhisi ukikwama. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kujitengenezea kumbukumbu ya kitu chochote, kibaya au kizuri. Nikagundua kwamba kumbukumbu yangu haitanisaidia tena, hata nikiisukuma mpaka asubuhi.

Nitawaambia sasa hivi kilichopatikana Jumatatu, msije mkasoma yaliyobaki mkilisubiri jibu hilo. Gatwiri alikuja karakanani na yale magurudumu, tukavua tairi zote mbili mezani. Hakutaka niangalie mimi. Aliweka ukucha wake kwenye rimu ya mbele, akaupandisha, ukakwama. Kulabu ipo. Akanitazama. Kisha akaweka kwenye ya nyuma. Ukateleza mpaka nje. Akarudia mahali pengine, na pengine. Yalikuwa magurudumu ya seti mbili tofauti, yameuzwa kama mapacha baada ya vibandiko kubanduliwa.

"Ya nyuma," alisema tu, akakaa kwenye kigoda.

Mzee aliacha kazi yake akaja. Naye akapitisha ukucha wake, ule mgumu uliopasuka katikati, mara mbele, mara nyuma. "Miaka hii yote," akasema, "sijawahi kuona mdomo kama huu." Kisha akaniomba nimwonyeshe tena, polepole. Tangu siku hiyo hakuna rimu iliyotoka kwetu bila maandishi ya kalamu juu ya utepe: kulabu ipo, au kulabu haipo, na jina la aliyeangalia. Msiviachie vichwa vyenu kazi ambayo kalamu inaweza kuifanya.

Na mbio? Gatwiri alimaliza wa saba. Kocha alichukua watano. Sijui kama angekuwa wa tano kwa magurudumu mepesi, wala yeye hajui, na hatujawahi kulizungumza sana. Bado anakimbia. Bado anajaza mpaka mia, lakini kwenye rimu za kulabu, na baada ya kuziangalia mwenyewe.

Turudi Jumamosi, kwa maana siku hiyo sikujua lolote kati ya hayo.

Alfajiri nilifungua magurudumu ya baiskeli yangu mwenyewe, ya alumini, mazito, yenye tyubu za kawaida. Yalikuwa na gia sawa na zake, na breki za diski kama zake. Nikayavaa mabegani moja kila upande na kupanda boda mpaka Nkubu.

"Na baiskeli yenyewe iko wapi?" mwenye boda akauliza.

"Iko mbele."

"Imekuwacha?"

Niliwakuta kando ya barabara karibu na mahali pa kuanzia. Gatwiri alikuwa amevaa tayari, na mama yake alikuwa ameshika chupa ya uji na koti. Waendeshaji walikuwa wameanza kujipanga. Gatwiri aliyaona magurudumu mabegani mwangu kabla ya kuuona uso wangu.

"Injinia, usiniambie ni nati."

"Si nati." Nikayaweka chini. "Sikumbuki kama niliangalia rimu zako. Kama hazina kulabu, tairi hizo hazizifai, na kwa mia yako hiyo zinaweza kuruka ukiteremka."

"Zinaweza, ama zitaruka?"

"Sijui."

"Si uangalie basi."

"Nikiangalia, tairi imetoka. Hapa hakuna kompresa ya kuirudisha. Kuangalia ni sawa na kuzivua."

"Nitoe upepo nibaki na sabini."

"Zingekuwa tairi nyingine ningekubali. Hizi zimeandikwa ni za kulabu tu. Hata kwa sabini siwezi kukuapia."

Aliinua gurudumu langu moja kwa mkono, akalipima, akalirudisha chini. "Hii ni mtungi wa maji."

"Najua."

"Nimezijaribu mpaka Timau."

"Najua. Mara nyingine hushika mara kumi, ya kumi na moja zikaruka."

"Umenipigia mara tisa, Injinia. Mara tisa ilikuwa bure."

"Hata hii inaweza kuwa bure," nikasema.

Mama yake aliweka chupa ya uji chini. Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya mjini Meru kwa miaka. "Kendi. Kama ni wewe, ungepanda hii baiskeli?"

"Singepanda, Mama."

"Ungeacha dada yako apande?"

"Hapana."

Gatwiri alitazama upande wa mstari. Mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anawaita waliobaki. Aliishika baiskeli yake kwa kiti, vidole vimekaza, na niliona kwamba hatanipa ruhusa na hatanikatalia. Angebaki vile mpaka wenzake waondoke, au mpaka apande na kwenda zake. Usiku kucha nilikuwa nimetafuta neno la kumshawishi. Nilikuwa nimelipanga hata kwa aya. Lakini hakukuwa na neno, kwa sababu sikuwa na uhakika wa kumpa. Nilichokuwa nacho ni kazi niliyoifanya kwa mikono yangu na ambayo singeweza kuithibitisha. Kazi kama hiyo bado ni yangu. Nina haki ya kuirudisha.

Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikafungua kifuniko cha valvu ya nyuma, nikalegeza na kubonyeza.

Hewa ilitoka kwa kelele kiasi kwamba watu waligeuka. Matone meupe yalinirukia kwenye mkono. Nikabonyeza mpaka tairi ikalegea kabisa, nikahamia ya mbele, nikabonyeza hiyo pia. Sikuinua kichwa. Nilisubiri matusi.

"Umeshafanya," Gatwiri akasema juu yangu.

"Nimeshafanya."

Nikafungua ekseli ya mbele. Gurudumu lilipochomoka na kubaki mikononi mwangu, aliinua baiskeli yote kwa mkono mmoja, akaishikilia hewani, na kuningoja nipachike langu.